Arkea si Araki

Jumamosi ile Adhel aliamshwa na honi ya gari la maji, kama Jumamosi zote. Mtaa mzima wa Gumbo, jijini Juba, huijua honi hiyo. Mwenye pipa tupu hutoka mbio, na mwenye pipa lililojaa hugeukia ukutani akaendelea kulala. Pipa la kina Adhel halikuwahi kukutwa limejaa hata siku moja, kwa hiyo alitoka mbio, akashika mpira wa maji, akajaza, akafunika na kufagia ua. Alipomaliza alivaa sketi ya shule ingawa haikuwa siku ya masomo. Akatia daftari kwapani na kumuaga mama yake.

“Unaenda kwa Goretti wako?” mama aliuliza.

“Ndiyo, Mama. Leo kuna somo jipya.”

Adhel alikuwa na miaka kumi na tatu, darasa la saba. Alizaliwa Kitale, Kenya, na miaka miwili iliyopita mama yake alikuwa amemrudisha nyumbani Juba. Shuleni alishika nafasi ya kwanza kila muhula, na wenzake wakambandika jina la Profesa. Mwanzoni lilimwudhi kidogo. Baadaye alilizoea, na mwishowe akalipenda kuliko jina lake la ubatizo. Akiitwa hivyo njiani, aligeuka upesi kuliko alivyogeuka mama yake alipomtuma dukani.

Chama cha Sayansi kilikutana katika darasa la saba, lenye paa la mabati, karibu kabisa na barabara ya Nimule. Aliyewafundisha alikuwa Dada Goretti, msichana aliyesomea elimu ya viumbe Kampala na sasa alifanya kazi katika maabara moja ng'ambo ya daraja. Hakulipwa hata senti. Alivuka Nile kwa bodaboda kila Jumamosi kwa kupenda mwenyewe. Kiswahili chake alikiokota utotoni, ukimbizini kaskazini mwa Uganda, na tangu hapo hakuwahi kukipiga pasi. Lakini Mwalimu Johnson, mwalimu mkuu, alitaka chama kitumie Kiswahili ili watoto wakizoee, na Dada Goretti akatii.

“Leo iko kitu kidogo sana nataka tusome,” alianza. “Hii kitu huwezi kuona na macho. Inaitwa arkea.”

Wakati huohuo lori la mizigo lilipita barabarani, mabati yakatetemeka, na neno la mwisho likamfikia Adhel likiwa limechanikachanika. Alisikia araki.

Aliinua kichwa. Araki! Hakuna mtoto wa Juba asiyejua araki ni nini. Ni ile pombe kali inayopikwa kwenye mapipa nyuma ya nyumba, inayowalaza wanaume wazima mitaroni mchana kweupe. Adhel aliwatazama wenzake. Hakuna aliyeshtuka. Basi akainamisha kichwa na kuandika: araki.

“Yeye inakaa kwa maji ya moto,” Dada Goretti aliendelea, “pahali mimi na wewe tukitia mkono tunaungua.”

Hilo lilikuwa kweli, Adhel aliwaza. Araki hupikwa. Lakini alipoambiwa kwamba ndani yake mna DNA, kamba mbili ndefu zilizosokotana na kubeba maagizo ya uhai, kichwa kilianza kumzunguka. Araki ina kamba? Tena Dada Goretti akasema joto kali linaweza kukata kamba zote mbili, na zikikatika mambo yameharibika, na hapo anakuja Rad-A kuunganisha upya. Adhel akasikia rada. Kitale, mtu akikwambia kaa rada, maana yake fungua macho, angalia nani anakuja. Sasa nani alikuwa anamwangalia nani?

“Lakini Rad-A peke yake anashindwa,” Dada Goretti alisema. “Anataka wasaidizi. Wasaidizi hawaunganishi, wanamshikia tu ili yeye afanye kazi vizuri.”

Lori jingine likapita. Kwenye daftari la Adhel kulikuwa na mapengo mengi kuliko maneno. Dada Goretti aliandika neno moja ubaoni kwa herufi kubwa, na Adhel akalinakili pembeni mwa ukurasa bila kulisoma, kwa sababu bado alikuwa anahangaika na kamba.

“Nani ameelewa?”

Hakuna mkono ulioinuka. Dut, mvulana anayeketi naye dawati moja, alikuwa anakuna shavu na kutazama dari. Kisha watoto wote wakageuka, kama walivyofanya kila mara, wakamtazama Profesa. Adhel aliona aibu kuwa sawa na wengine. Akanyosha mkono.

“Vizuri sana,” Dada Goretti alisema, uso ukimng'aa kwa furaha. “Basi wewe utaandika karatasi ya ubao wa matangazo. Jumatatu watu wote wasome.”

Walipotoka nje Dut alimfuata. “Mimi sijashika kitu hata kimoja. Adhel, alisema araki, ama masikio yangu yana shida?”

“Kwani hukuwa unasikiliza?” Adhel alijibu kwa ukali.

Dut akaelekea kwao. Yeye alikuwa wa kumi na tisa darasani, na mtu wa kumi na tisa habishani na wa kwanza.

Jumapili baada ya ibada Adhel alikaa na daftari lake mchana kutwa. Kila pengo alilokuta alilijaza kwa neno alilolijua, na kila alipojaza, habari ilizidi kumshangaza. Alifuta, akaandika, akafuta tena. Mara mbili alifikiria kumwomba Mwalimu Johnson namba ya simu ya Dada Goretti, lakini angeanzaje kusema? Kwamba alinyosha mkono kwa uongo? Jumatatu asubuhi karatasi ilikuwa ubaoni, kwa mwandiko mzuri usio na doa:

“Jumamosi Dada Goretti alitufundisha juu ya araki. Araki hukaa kwenye maji yanayochemka. Ndani ya araki kuna kamba. Moto ukizidi, kamba hukatika na araki huharibika. Hapo mtu mmoja anakaa rada, na wasaidizi wake wanamshikia ili araki iunganishwe upya. Bila wasaidizi kazi haiendi. Araki ni ya zamani sana na tuendelee kuisoma.”

Wanafunzi waliisoma wakasema Profesa ni noma. Hakuna aliyeuliza swali, maana kila mmoja alidhani ni yeye tu ambaye hakuelewa.

Jumanne alikuja Mzee Erifazi, katekista na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kuleta chaki. Alisimama mbele ya ubao akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mwezi uliopita kijana wa jirani yake alikuwa amepofuka kwa kunywa araki iliyotiwa kitu kisichojulikana, na Mzee Erifazi mwenyewe ndiye aliyemshika mkono kumpeleka hospitali. Alibandua ile karatasi polepole, akaikunja mara nne na kuiweka ndani ya Biblia yake.

Siku iliyofuata Dut alimletea Adhel habari wakati wa mapumziko. “Kamati inakutana kesho. Mzee Erifazi anasema Dada Goretti anatufundisha kupika araki. Wanataka asikanyage tena hapa, na chama kifungwe.”

“Lakini niliandika alichosema.”

“Hivyo ndivyo alisema kweli?”

Adhel alikimbia darasani, akafungua daftari na kusoma kila mstari kwa kidole. Pembeni mwa ukurasa lilikuwapo lile neno alilonakili kutoka ubaoni. Safari hii alilisoma herufi moja moja. A, R, K, E, A. Alilisoma tena kutoka nyuma, labda litageuka. Halikugeuka.

Basi haikuwa araki. Ilikuwa kitu kingine, na yeye hakujua ni kitu gani. Aliketi pale akiwa amechanganyikiwa kuliko siku ya somo lenyewe. Angeweza kuuchana ukurasa ule, na pasingekuwa na mtu wa kujua. Mkono wake ulikwisha kuushika. Kisha akamkumbuka Dada Goretti alivyofurahi kuona mkono mmoja umenyoshwa, akaona haya kali, akafunga daftari ukurasa ukiwa mzima.

Alhamisi alasiri wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Adhel hakuitwa, ila aliingia nyuma ya mama yake na kusimama ukutani. Mama alikuwa amevaa bangili zake mbili za shanga, moja kila mkono, zinazofanana rangi kwa rangi. Hakujua kwamba kikao kilimhusu binti yake. Adhel alikuwa amejaribu kumwambia njiani mara tatu, na mara tatu maneno yalikwama.

Mwalimu Johnson alifungua kikao kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi, na mama Adhel akawa anatikisa kichwa kukubali pamoja na wengine. Halafu Mzee Erifazi akasimama na kuomba waongee Kiswahili, kwa kuwa karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiswahili. Aliisoma yote kwa sauti.

“Mimi iko hapa kwa ajili ya watoto,” alisema. “Maji inachemka. Mtu anakaa rada kuangalia polisi. Wasaidizi wanashika. Hii ni sayansi gani? Hii ni jiko ya araki.”

Wazazi wakaguna. Dada Goretti alisimama.

“Mzee, mimi sikusema araki. Nilisema arkea.”

“Tofauti ni nini?”

“Arkea ni kiumbe hai. Ndogo sana.”

“Na araki ni pombe. Lakini mtoto namba moja ya shule hii ameandika araki, tena siyo mara moja. Huyo hajui kusikia? Hajui kuandika?” Mzee Erifazi aligeukia wenzake. “Ingekuwa mtoto wa nyuma, ningesema amekosea. Huyu hakosei.”

Dada Goretti akamgeukia Mwalimu Johnson. Mwalimu Johnson alishusha macho mezani, na mzazi mmoja akasema kalas, yatosha, wapige kura waende nyumbani.

Adhel alisogea mbele.

“Nimekosea,” alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. “Nimekosea, Mzee. Mimi ndiye niliyeandika. Sikuelewa somo tangu mwanzo. Nilisikia araki, na nilijua haiwezekani, maana araki haina kamba. Lakini wananiita Profesa, nikaogopa kuuliza. Pale nilipokosa neno nilitia la kwangu.”

“Na huyu mtu wa kukaa rada?” Mwalimu Johnson aliuliza.

“Hayupo, Mwalimu. Dada alisema Rad-A. Mimi nikaleta lugha ya Kitale.” Alifungua daftari na kulinyosha mbele. “Neno lenyewe aliliandika ubaoni. Hili hapa. Nilikuwa nalo siku zote.”

Daftari lilipita mkono kwa mkono. Mama yake alikuwa amemgeukia, na Adhel hakuthubutu kumwangalia. Mzee Erifazi alilinganisha daftari na karatasi kwa muda mrefu, kisha akakaa.

“Malesh, nisamehe, binti Goretti,” alisema. “Lakini mimi bado sijui hii arkea ni nini. Na kama sijui, nitarudi nyumbani na wasiwasi. Tufundishe na sisi.”

Dada Goretti alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kuonyesha. Macho yake yakatua kwenye bangili za mama Adhel. Aliomba radhi, akaeleza anachotaka kufanya. Mama alisita. Zilikuwa kazi ya mikono yake ya jioni nyingi. Mwishowe akavua zote mbili.

“Kata moja,” alisema. “Nitaitunga tena.”

Dada Goretti alizishika juu. “Hii bangili ni DNA ya arkea. Rangi za shanga ni kama herufi, lazima zifuatane vile vile. Hii nyingine ni nakala yake. Sasa moto umekuja.” Akakata uzi kwa wembe. Shanga kadhaa zikaruka sakafuni, na wazazi wawili wakainama kuziokota.

“Adhel, kuja. Uzi ulio uchi unajikunja, unaharibika. Ufunike na vidole. Wewe ni protini inayolinda.” Adhel akaushika. “Mama, wewe ni Rad-A, protini nyingine. Kazi yako ni kuuchukua huu uzi uliokatika na kuupeleka kwa mwenzake mzima, mpaka rangi zilingane. Halafu wengine watakuja kunakili zilizopotea.”

Mama alijaribu, akashindwa. Vidole vya Adhel vilikuwa vimefunika uzi wote, na mama hakupata pa kuushika. Adhel alipoachia ghafla, uzi ukateleza na shanga nyingine zikamwagika.

“Umeona shida?” Dada Goretti alisema. “Mlinzi asipoondoka, Rad-A hana nafasi. Akiondoka yote mara moja, kazi inaharibika. Mzee Erifazi, tunakuomba.”

Mwenyekiti wa kamati akasogea. Alionyeshwa namna ya kumwondoa Adhel kidole kimoja kimoja, na kila kidole kilipotoka, mama akashika mahali pale, naye Mzee akambana mkono ili usiteleze. Polepole mama akawa ameushika uzi wote. Akaunyosha kando ya bangili nzima, akahesabu kwa midomo: buluu, nyeupe, nyeupe, nyekundu. Hapo rangi zikalingana.

“Mzee ametunga shanga ngapi?” Dada Goretti aliwauliza wazazi.

“Hata moja,” walijibu.

“Na bila yeye?”

Walicheka. Mzee Erifazi alijitazama mikono, miwani ikiwa imeshuka mpaka ncha ya pua. “Kwa hiyo mimi ndiyo msaidizi,” alisema. “Siunganishi, lakini namshikia mwenye kuunganisha.”

“Ndiyo, Mzee. Ni protini, siyo mtu, lakini kazi yake ni kama hiyo.”

“Na yeye anajuaje wakati wa kuachia?”

Dada Goretti alifikiri kidogo. “Hapo sijui. Wasaidizi wengine tunajua wanafanya nini. Wengine, hata mabingwa bado wanatafuta.”

Adhel alimkodolea macho. Mtu mwenye shahada ya chuo kikuu, mbele ya kamati nzima iliyokuja kumfukuza, amesema sijui, na hakuna kilichoanguka. Wazazi walitikisa vichwa tu na kuendelea kusikiliza. Alijiona mjinga, na papo hapo akaona nafuu ambayo hakuwa nayo tangu Jumamosi.

Mwalimu Johnson alifunga kikao bila kura. Chama kitaendelea, alisema, na Mzee Erifazi akaomba apewe kiti cha nyuma Jumamosi ijayo. Kuhusu Adhel, Mwalimu alikuwa mpole lakini hakucheka.

“Utaandika karatasi mpya. Juu uweke ulichoelewa, na chini yake yote ambayo hujayaelewa. Utaweka jina lako. Umekaribia kumharibia mtu jina ili kulinda la kwako, Adhel. Ulifikiria hilo?”

“Nilifikiria nikiwa nimechelewa, Mwalimu.”

“Dada Goretti ndiye wa kuambiwa.”

Adhel alimwendea, akaomba msamaha, akalia. Dada Goretti alimpangusa uso kwa kiganja akamwambia Jumamosi akae mbele, mbali na malori.

Jioni ya kesho yake, jua likiwa bado juu ya mabati, Adhel alikuwa nje ya nyumba na karatasi mpya mapajani. Upande wa yale aliyoelewa ulikuwa na mistari sita. Upande wa yale asiyoelewa ulikuwa na kumi na mmoja. Mama alitoka na kigoda akaketi karibu naye. Tangu kikao hakuwa amesema lolote juu ya jambo lile, na Adhel alijua kuwa kipigo cha maneno kilikuwa njiani.

“Jana ulinitia aibu,” mama alisema.

“Nisamehe, Mama.”

“Subiri, sijamaliza. Uliposema hukuelewa, mimi nilishikwa na aibu ya kwangu.” Mama aliinama akatoa jiwe dogo kwenye ndara yake, ingawa labda halikuwapo. “Miaka miwili naenda kwenye vikao vya shule yako. Wanaongea Kiingereza, nami natikisa kichwa. Wakicheka nacheka. Wakinyosha mkono nanyosha. Sijui nimekubali mambo gani mle ndani. Nilidhani nikisema sijui, watakudharau wewe, mwanangu.”

Adhel alikuwa amemwona mama akitikisa kichwa mara ngapi, na kila mara akidhani anaelewa?

“Anayejifanya anajua hafundishwi na mtu,” mama alisema, “kwa sababu hakuna anayejua kwamba ana haja. Na uongo wake hauishii kwake. Wa kwako nusura umfukuze Goretti. Wa kwangu sijui umefanya nini. Kikao kijacho nitasimama niwaombe wanieleze kwa lugha ninayoisikia. Wewe hukufa kwa kusema. Na mimi sitakufa.”

“Nitakaa karibu nawe,” Adhel alisema.

“Kaa. Sasa nisomee hiyo karatasi. Polepole, na pale nisipoelewa nitakusimamisha.”

Adhel aliinua karatasi na kuanza kusoma. Mama alimsimamisha kwenye neno la kwanza.